Reale ya Maria Theresa au rupia ya Mjerumani: ipi iwe ya kwanza kwenye mkusanyiko wako?

Mpwa wangu anafanya kazi Muscat. Usiku mmoja alinitumia picha mbili, na chini yake maneno machache: "Shikamoo mjomba. Nina hela ya moja tu. Nichukue ipi?"

Picha ya kwanza ilikuwa ya reale ya Maria Theresa aliyoikuta kwenye duka la vitu vya fedha katika soko la Mutrah. Sarafu pana, nyeusi kwenye mikunjo ya ushungi wa yule mama, na juu, karibu na ukingo, ina kovu la lehemu. Siku moja iliwahi kutiwa kipete ikavaliwa shingoni. Picha ya pili ilikuwa ya rupia ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, mwaka 1892, inauzwa na mtu aliyekutana naye mtandaoni, mkazi wa mji huohuo. Hiyo ilikuwa safi, inang'aa, na bei za hizo mbili zilikuwa karibu sawa.

Nilimjibu asitoe hata senti mpaka tuzungumze. Swali lake ndilo ninaloulizwa na karibu kila anayeanza kukusanya sarafu za kale za pwani yetu, maana hizi mbili ndizo zinazopatikana, ndizo watu wanazozikuta kwenye masanduku ya mabibi, na zote ni za fedha hasa, yale madini yaliyoipa lugha yetu jina la pesa. Wengi hulijibu kwa kuangalia ukubwa, mng'aro au mwaka. Mwaka ndio unaopoteza watu kuliko yote. Ule wa kwenye rupia ni tarehe ya kweli. Ule wa kwenye reale ni pambo, kama yalivyo manyoya ya tai aliye upande wa pili. Ukilielewa hilo, mengine yote kuhusu sarafu hizi mbili yanafunguka.

Mwaka 1780 usiokwisha

Maria Theresa alitawala Austria, Hungaria na Bohemia kwa miaka 40, akafariki Novemba 1780. Wakati huo thaler yenye sura yake, ndiyo hiyo sisi tunayoiita reale, ilikuwa imeshajijengea jina mbali na kwao. Ilitoka kwenye bandari kama Trieste, Venice na Marseille, ikapita Misri, ikateremka Bahari ya Shamu kununua kahawa ya Yemen na bidhaa za Ethiopia. Wafanyabiashara wa huko walishaizoea: uzito wake wanaujua, sura wanaijua, lulu za kwenye kifungo chake begani wanazihesabu kwa kidole. Ukiwaletea sarafu yenye sura ya mfalme mwingine wanaisukuma pembeni.

Basi viwanda vya sarafu vikafanya jambo la busara ya kibiashara: vikaendelea kupiga sarafu ileile, kwa sura ileile, na kwa mwaka uleule. Miaka ikapita, wafalme wakapita, na 1780 ikabaki pale pale. Mwaka 1857 Kaizari Franz Joseph akaitangaza rasmi kuwa sarafu ya biashara, na mwaka uliofuata ikaacha kuwa sarafu halali ndani ya Austria yenyewe. Kwao haikununua tena mkate, huku kwetu inanunua pembe za ndovu.

Mwaka 1935 Mussolini, mtawala wa Italia, akijiandaa kuivamia Ethiopia, alichukua kutoka Austria haki ya kuipiga, na Roma ikaanza kuitoa. Waingereza na wengine hawakukubali kuachwa nyuma, na katika miaka iliyofuata ikapigwa pia London, Paris, Brussels, Bombay na Birmingham. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 kazi hiyo imerudi Vienna, na Vienna inaipiga mpaka leo. Zote zimeandikwa 1780.

Kwa hiyo reale iliyo mkononi mwako inaweza kuwa imetoka Günzburg, kusini mwa Ujerumani, wakati Maria Theresa yu hai. Inaweza kuwa ya Birmingham ya miaka ya 1950. Inaweza kuwa ya Vienna ya mwaka jana. Uzito wake ni ule ule, gramu 28.07, kati ya sehemu 1,000, sehemu 833 ni fedha na zilizobaki ni shaba, fedha tupu ndani yake ni gramu 23.39; upana ni kama milimita 40. Na hakuna kati ya hizo iliyo ya bandia kwa maana ya kawaida ya neno hilo. Ndiyo maana mtu anaweza kukuuzia reale halali kabisa kwa bei isiyo halali.

Yalinipata mimi. Reale yangu ya kwanza niliinunua kwa muuza vitu vya kale aliyeniambia ina zaidi ya miaka 200 na imetoka kwenye jahazi lililozama. Manyoya ya tai yalikuwa makali kama yamechongwa asubuhi ile, na mimi nikaona hiyo ndiyo sifa yake. Baada ya muda nikapata nyingine, mpya, iliyotoka Vienna, nikaziweka kitambaani chini ya lenzi. Hapakuwa na tofauti: mpangilio wa lulu ule ule, nukta kati ya maneno zile zile, mkia wa tai ule ule. Nililipia karne mbili ambazo sarafu ile haikuziishi. Bado ninayo, kwa kuwa fedha yake ni fedha, lakini huwa simwonyeshi mtu kama sarafu ya pwani, kwa sababu haijawahi kuwa.

Wapo wataalamu wanaoweza kukwambia reale fulani ni ya kiwanda gani na ya kipindi gani. Wanasoma herufi S.F. chini ya bega, ambazo ni za Schöbl na Faby, maofisa wa kiwanda cha Günzburg. Wanasoma umbo la kifungo, idadi ya manyoya ya mkia, na ule msalaba mdogo wa X baada ya mwaka. Wanageuza ukingo wasome maneno yaliyoinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA, haki na huruma, na mapambo yaliyo kati yake. Ni elimu nzuri sana, na mtu anaweza kukusanya reale peke yake maisha yake yote bila kuchoka. Lakini kwa anayeanza, tena kwa kutazama picha ya simu, haiwezekani. Nilimwambia mpwa wangu: mpaka pale mtu anayejua atakapokuonyesha kwa kidole alama ya kiwanda cha zamani, lipia reale kwa uzito wa fedha na nyongeza kidogo ya muuzaji, basi.

Sarafu isiyo na kwingine pa kwenda

Pwani yetu haikuwa na sarafu moja. Baada ya Seyyid Said kutiliana mkataba na Wamarekani mwaka 1833, meli zao zilikuja Unguja na nguo za merikani, na zilikuja pia na dola za fedha za kununulia pembe, sandarusi na karafuu. Wazee walizigawa sarafu kwa majina yao wenyewe. Ya Maria Theresa waliiita reale ya Shamu. Ile ya Kihispania yenye nguzo mbili waliiita reale ya mzinga, maana zile nguzo waliziona ni mizinga. Seyyid Barghash naye alipigisha riyali yake mwenyewe ya fedha, ya mwaka 1299 Hijria, yaani 1882. Hiyo ni adimu mno, na ukionyeshwa sokoni kwa bei ya kuvutia, rudisha mkono mfukoni.

Huku nyuma, rupia ya India ilikuwa inaenea kila mahali pamoja na wafanyabiashara wa Kihindi, waliokuwa ndio wenye mikopo na maduka. Wajerumani walipoingia hawakujaribu kuleta mark zao. Mwaka 1890 Kampuni yao ilitoa rupia iliyofuata kipimo cha rupia ya India: gramu 11.66, fedha sehemu 917 kati ya 1,000. Walitaka mwenye duka Bagamoyo aipokee bila kuuliza maswali, kwa kuiweka kwenye mizani aliyoizoea.

Hapa hesabu kidogo inasaidia. Rupia moja ina gramu 10.69 za fedha tupu. Gawa 23.39 za reale kwa 10.69, unapata kama 2.19. Na pale Unguja reale moja ilibadilishwa kwa rupia mbili na kidogo juu. Waliokuwa wakibadilisha hawakuhitaji tangazo la serikali, mizani ilikuwa imeshawaambia.

Upande mmoja wa rupia ya Kampuni yupo Kaizari Wilhelm II, kavaa kofia ya chuma yenye tai aliyekunjua mbawa kileleni, na maandishi GUILELMUS II IMPERATOR. Upande wa pili ni nembo ya Kampuni, simba na mnazi, na jina refu la Kampuni limezunguka. Mwaka uko pale, na mwaka ule ni kweli. Rupia hizo zilipigwa, kwa miaka kadhaa ikirukwa, mpaka 1902. Tangu 1904 serikali ya koloni ikatoa zake: jina likawa DEUTSCH OSTAFRIKA, simba akaondoka, na chini pakawa na herufi ya kiwanda, A kwa Berlin au J kwa Hamburg. Rupia ikagawanywa kwa heller 100 badala ya pesa 64. Heller ndiyo hela yetu. Mpwa wangu alipoandika "nina hela ya moja tu" alikuwa amelitaja koloni zima bila kujua.

Kinachonivuta kwenye rupia ni hiki. Sarafu ile ilitengenezwa kwa ajili ya nchi hii tu, kutoka Tanga hadi Ujiji. Reale ingeweza kuishi maisha yake yote Jeddah au Harar. Rupia ya Mjerumani, hata ikiwa imeparara kiasi kwamba pua ya Kaizari haionekani, unajua ilipararia wapi. Kila mkwaruzo ni wa kidole cha huku, mfuko wa huku, kaunta ya duka la huku.

Na si mikwaruzo ya furaha yote. Mwaka 1898 ilianza kodi ya nyumba, na nyumba ya kijijini ilidaiwa rupia 3 kwa mwaka. Mtu aliyekuwa na mtama, mbuzi na asali ilibidi atafute sarafu hii ya duara, na mara nyingi mahali pa kuipata palikuwa shamba la Mzungu. Nina rafiki hataki kuigusa kwa sababu hiyo, na ninamheshimu. Mimi naiweka kwa sababu hiyohiyo. Ukiweka rupia tatu mkononi unasikia uzito wake, karibu gramu 35, na unaelewa jambo ambalo kurasa za kitabu hazikuelewesha: kwamba kitu kidogo hivi kilimtoa mtu kwake.

Unalipia nini hasa

Bei ya reale inafuata soko la fedha duniani. Chukua bei ya wakia moja ya fedha siku hiyo, zidisha kwa 0.752, hiyo ndiyo sakafu yake. Bei ya fedha ikipanda, reale inapanda. Ikishuka, inashuka nayo. Ina faida yake: hutapoteza sana, na siku ukitaka kuiuza sonara yeyote ataipokea kwa uzito.

Rupia ina sakafu pia, zidisha kwa 0.344, lakini kwa kawaida huikuti chini kule. Bei yake hubebwa na mwaka, herufi ya kiwanda na hali ya sarafu yenyewe. Rupia ya mwaka uliopigwa nyingi, iliyochakaa, ni rahisi kwa mtu wa kipato cha kawaida. Ya mwaka mgumu kama 1894, ikiwa na manyoya ya tai wa kofia yote yanahesabika, ni habari nyingine kabisa. Na ipo sarafu ya rupia mbili, kubwa kuliko hii, iliyopigwa 1893 na 1894 tu. Usiinunue bila mtaalamu kuishika.

Kwa hiyo reale inamsamehe mnunuzi asiyejua, ilimradi asilipie umri. Rupia haimsamehe, ila inamlipa aliyesoma. Nikilazimika kujibu kwa neno moja mtu anayetaka mkusanyiko wa pwani na ana nafasi ya sarafu moja, nasema rupia. Ichague ya Kampuni, yenye simba na mnazi, iliyotumika kwa heshima, isiyosuguliwa.

Hilo la kusugua nalitilia mkazo kwa sababu limeua sarafu nyingi kuliko wizi. Sisi tumelelewa kung'arisha vitu vya fedha kwa ukwaju, limau, majivu, siku hizi dawa ya mswaki. Kwa bangili ni sawa, bangili inataka kung'aa. Sarafu ya kale ina ngozi yake nyembamba ya weusi, inatokana na salfa iliyomo hewani, na ngozi hiyo imechukua miaka mingi kujijenga. Ukiisugua unaacha mistari maelfu ambayo jicho halioni lakini lenzi inaiona, na mnunuzi yeyote mwenye lenzi atakata bei palepale. Ikiwa na tope, iloweke kwenye maji safi, ikaushe kwa kuigusa na kitambaa laini bila kusugua, na iishie hapo. Usiihifadhi kwenye yale mafuko laini ya plastiki yenye harufu, yanatoa utelezi wa kijani baada ya muda. Sisi wa pwani tuna chumvi hewani, kwa hiyo weka na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Kuna na sheria. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa kabla ya 1863 vinaingia humo. Kuvitoa nchini kunataka kibali. Rupia ya 1890 haifikii tarehe hiyo. Reale imeandikwa 1780 hata kama ni ya juzi, kwa hiyo ukisafiri nayo beba risiti uliyonunulia. Na chochote kilicho ardhini kibaki ardhini mpaka wenye mamlaka waitwe. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu ya zile hadithi za "mali za Mjerumani" zinazowafanya vijana wachimbe chini ya maboma na mibuyu, na za matapeli wanaodai rupia fulani ina nguvu za ajabu na inanunuliwa kwa mamilioni. Rupia haina nguvu yoyote. Ni gramu 11.66 za fedha na shaba.

Glasi ya maji na uzi wa kushonea

Sasa turudi Muscat. Mpwa wangu alikuwa ameshaelewa, na alikuwa anaelekea kwenye rupia. Nikamwambia kabla hujatoa pesa, kaipime mbele ya mwenyewe.

Watu wengi wanajua kupima uzito tu, na wanajua sumaku. Vyote viwili vinasaidia: fedha haivutwi na sumaku, na rupia yenye gramu 9 haina haja ya mjadala. Lakini shaba nayo haivutwi na sumaku, na mwenye kusubu sarafu ya bandia anaweza kuinenepesha kidogo mpaka uzito ukaribie. Kitu asichoweza kukiiga kwa urahisi ni uzito ukilinganishwa na ukubwa. Fedha ni nzito kuliko shaba kwa kipimo kilekile. Rupia halisi ina uzito wa kama mara 10.3 ya maji ya ujazo wake, reale kama mara 10.2. Shaba ya njano haifiki 9.

Kipimo chenyewe hufanywa hivi. Unataka mizani ndogo ya kidijitali, ile ya masonara inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu, glasi ya maji na uzi wa kushonea. Pima sarafu ikiwa kavu, andika. Weka glasi yenye maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi, ishushe majini mpaka izame yote, lakini isiguse chini wala pembeni. Unaishikilia wewe kwa mkono, inaning'inia. Mizani itasoma namba ndogo. Hiyo ni uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu. Gawa uzito mkavu kwa namba hiyo.

Alinipigia simu ya video akiwa amekaa na yule muuzaji kwenye meza ya mgahawa, mizani aliiazima kwa rafiki yake. Mkavu, rupia ilisoma 11.41. Hapo mtu angeridhika, maana sarafu iliyotumika hupungua kidogo. Nikamwambia, ingiza majini. Mkono ulimtetemeka, namba zikachezacheza, nikamwambia egemeza kiwiko mezani. Zikatulia: 1.34.

"Gawa," nikamwambia.

"Nane nukta tano, mjomba."

Rupia ya fedha ya uzito ule ingesukuma gramu 1.10 hivi. Nikamwomba aikaushe, aisimamishe, apitishe ukucha kwenye meno ya ukingo. Akasikia mstari mwembamba umezunguka katikati, pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana. Sarafu iliyopigwa chapa haina mstari huo. Ilikuwa shaba ya njano iliyochovywa fedha, na ule mng'aro uliomvutia kwenye picha ulikuwa wa juzi. Muuzaji mwenyewe aliichukua akaigeuzageuza kwa muda mrefu bila kusema neno. Naamini naye alikuwa ameuziwa.

Asubuhi yake mpwa wangu akaenda Mutrah. Mwenye duka, mzee wa makamo ya babu yake, alipomsikia anazungumza nami kwenye simu akamwitikia kwa Kiswahili cha Unguja, cha utotoni mwake. Akampa mizani yake na bilauri ya maji bila kuchukia. Reale ilisoma 27.62 kavu na 2.71 majini, ikatoa 10.19. Ukingoni maneno yalikuwa yameliwa nusu, IUSTITIA inasomeka, CLEMENTIA kwa kubahatisha. Mashavu ya Maria Theresa yamelainika kama sabuni ya mwisho.

Nilikuwa nimemwambia kwamba reale haiwezi kuthibitisha ilipita wapi. Hiyo moja iliweza, kwa kiasi fulani. Mwaka wake ulikuwa hausemi kitu, lakini kovu la lehemu lilisema. Oman ya ndani ilitumia reale hizi mpaka 1970, na fedha yake iliyeyushwa kuwa bangili, vidani na mipini ya majambia. Nyingine hazikuyeyushwa, zilitiwa kipete zikavaliwa kama zilivyo. Mkusanyaji wa Ulaya angeliita kovu lile kasoro na kupunguza bei. Kwa mkusanyiko ninaomfundisha mpwa wangu kuujenga, ndilo lililoifanya sarafu ile istahili kununuliwa, na bei ilikuwa ya uzito.

Nikamwambia achukue, na mimi huku nitamtafutia rupia polepole, nikiwa na glasi yangu ya maji.

Mzee aliifunga kwenye karatasi, kisha akaifungua tena. Akamwonyesha lile kovu kwa ncha ya kucha, akamuuliza kama amsafishie, kazi ya dakika moja.

"Hapana, babu," mpwa wangu akasema. "Liache."